Ndani ya Mistari Hakuna Shangazi

Wadogo zangu mnaofanya mazoezi pale Njombe, mmeniomba mara nyingi niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi hii ya tenisi ya wawili wawili, na mara zote nimewajibu kwamba nitaandika nikistaafu. Sasa nimestaafu, visingizio vimekwisha. Nimekaa dirishani, nje ukungu umefunga hata nyumba ya jirani haionekani, nimejifunika blanketi miguuni, naandika. Vikombe sitavihesabu. Nafasi niliyofikia kwenye orodha za dunia mtaiona wenyewe kwenye simu zenu, na najua mmeshaitafuta. Nitawaambia mambo ambayo simu haina.

Jina langu ni Oliva Mgaya, wa Kifanya. Mwenzangu kwa miaka yote ya kazi alikuwa Yusta Mgaya, wa Kifanya vilevile. Watangazaji wa viwanjani walipenda kutuita dada wawili, na kila mara Yusta aliniachia mabegi akaenda mpaka kwenye meza ya mtangazaji kusahihisha. "Mimi si dada yake. Mimi ni shangazi yake." Mtangazaji anamtazama yeye, ananitazama mimi niliyemzidi urefu na umri, anadhani anataniwa. Lakini ndivyo ilivyo. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mtoto wa kwanza wa Babu, na Yusta ni kitinda mimba wa Babu huyohuyo. Nilikuwa nimeshaanza kutumwa dukani ndipo shangazi yangu alipozaliwa. Nimembeba mgongoni, nimemfuta makamasi, na huku namwamkia shikamoo. Kwetu ukubwa wa ukoo hauangalii nani alitangulia kuota meno.

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kama ni kazi. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja la chai, na Jumamosi hiyo alisahau chupa yake ya chai nyumbani, mama akanituma nimpelekee. Nyuma ya jengo la klabu ya shamba kulikuwa na kiwanja cha tenisi cha udongo mwekundu, kimezungushiwa miti ya krismasi kuzuia upepo. Watu watatu walikuwa wamesimama na raketi, wamenuna, kwa sababu wa nne hakutokea. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Sanga, mama mfupi mnene wa Kikinga, aliyefundisha jiografia katika sekondari moja ya Makambako na kusafiri kila Jumamosi kuja kucheza, maana Makambako nzima hakuwa na mtu wa kumrudishia mpira.

"Wewe mrefu," aliniambia, "weka chupa chini. Simama pale kushoto. Mpira ukija, urudishe. Usipokuja, kaa kimya."

"Mwalimu, sijawahi kucheza."

"Na mimi sijakuuliza."

Basi nikasimama kushoto, na upande huo wa kushoto ndio niliousimamia mpaka nastaafu. Watu huniuliza kwa nini sikucheza peke yangu kama wachezaji wengine maarufu. Jibu ni kwamba siku ile walikosa mtu wa nne. Wangekosa mtu wa pili, pengine ningekuwa na maisha mengine na upweke mwingi. Baba alikunywa chai yake ikiwa imepoa na hakunisemesha mpaka jioni.

Niwaambie kuhusu vifaa, maana naona ninyi mnaletewa kila kitu kikiwa kwenye nailoni. Raketi yangu ya kwanza ilitoka stoo ya klabu, ya mbao, imepinda kwa unyevu mpaka ukiiweka mezani inayumba. Mipira ndiyo ilikuwa na visa zaidi. Mpira wa tenisi ukilala kwenye baridi ya Njombe, unaamka umekufa: unaudundisha, unabaki chini kama kiazi. Mwalimu Sanga alitufundisha kuingia kiwanjani na mipira kwapani, chini ya sweta, na kupasha misuli tukiwa tumeibana hivyo mpaka ipate uhai. Wageni walidhani tumevunjika mbavu. Kisha jua likitoka, mpira uleule unakuwa mwehu, kwa sababu huku tuko juu na hewa ni nyepesi, ukiupiga kidogo tu unavuka uzio na kwenda kwenye chai. Mkono wa Njombe hujifunza kujizuia mapema. Mkija kushuka Dar es Salaam mtaona mipira yenu inaangukia katikati ya kiwanja kama imechoka na safari. Msiogope. Pigeni kwa nguvu zenu zote, hewa nzito ya pwani itawarudishia mpira ndani.

Nyuzi za raketi fungeni wenyewe. Mwalimu Sanga alikuwa na mashine ya mkono aliyotengenezewa na fundi seremala kwa mbao ngumu na bolti, na kila mwanafunzi wake alilazimika kufunga raketi yake kabla ya kuruhusiwa kuitumia. Nilichubuka vidole, nikalia, nikafunga tena. Miaka mingi baadaye nyuzi zilikatika asubuhi ya mechi Kigali na fundi wa mashindano hakuwa amefika. Mimi nilifunga ya kwangu na ya Yusta nikiwa nimekaa sakafuni, na tulishinda.

Nilipomaliza kidato cha nne nilihamia Makambako kwa baba yangu mdogo ili Mwalimu Sanga anifundishe vizuri. Mwaka huohuo Yusta akaletwa kusoma sekondari hapohapo. Kiwanja cha shule kilikuwa cha saruji, na upande mmoja kulikuwa na ukuta wa ghala la mbao tulioupiga mpaka rangi ikabanduka. Makambako kuna upepo ambao haupumziki. Ukirusha mpira juu sana wakati wa kufungua, yaani kupiga mpira wa kuanzisha pointi, unaushuhudia ukienda zake kuelekea stesheni. Ndiyo maana mimi na Yusta tulirusha chini na kupiga mapema, na makocha wa nje walipojaribu kuturekebisha tuliwaitikia, tukasubiri waondoke, tukaendelea.

Yusta alikuwa mfupi, mwepesi, na hakuogopa mpira. Alisimama karibu na wavu hadi nilikuwa nafunga macho kwa ajili yake. Mkono wake ulikuwa na haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na mdomo wake vilevile. Mwalimu Sanga alituweka pamoja wiki ya kwanza na kusema amepata timu. Wiki ya pili alisema amepata balaa.

Tatizo letu lilikuwa adabu. Katika wawili wawili, mpira unaopita katikati ndio unaoamua kila kitu. Lazima mmoja apige kelele "Yangu!" na mwingine apishe, papo hapo, bila mjadala. Sasa mimi nimpigie kelele shangazi yangu? Nimwambie "Toka"? Nilikuwa nasema, "Shangazi, samahani, naomba huo..." na mpira umeshagonga uzio. Yusta naye, kwa kuwa mkubwa wa ukoo hupewa, alisubiri apewe. Kwa hiyo mipira ya katikati ilipita kati yetu kama wageni wanaopishwa mlangoni, huku na huku tumeinamisha vichwa. Kwenye majaribio ya kuchagua timu ya taifa, wapinzani wetu waliligundua jambo hilo kabla seti ya kwanza haijaisha. Hawakupiga tena pembeni hata mara moja. Tulitoka pale tumefedheheka, na mtu mmoja jukwaani alisema kwa sauti kwamba hawa wawili wangefaa sana kuhudumu harusini.

Mwalimu Sanga hakutufokea. Jumapili iliyofuata alibeba kilo mbili za sukari na kanga, akatuchukua sote wawili, akaenda Kifanya kumwona Babu.

Tulimkuta Babu jikoni kando ya moto, amevaa koti lake zito ambalo huvaliwa miezi yote isipokuwa siku ya kufuliwa, na Bibi akimenya viazi. Baada ya salamu za "kamwene" za kutosha na kuulizana mazao, Mwalimu aliweka sukari chini na kusema amekuja kwa shauri la ukoo.

"Mzee, mimi mpira naujua," alisema. "Lakini mpira haujui nani shangazi. Mjukuu wako hawezi kumwamuru binti yako, na binti yako hakubali kuamriwa. Nimeshindwa. Nimekuja kwa wenye mamlaka."

Babu aliinuka. Kisha akachukua jembe, akatoka uani, akachora mistari kwenye udongo kama Mwalimu alivyomwelekeza. Alituweka mimi na Yusta ndani, akaokota parachichi bichi lililoanguka, akasema, "Haya, fanyeni hivyo mnavyofanya." Akalirusha katikati yetu.

"Shangazi, naomba kama hutajali upishe..." nilisema. Parachichi lilipita, likampiga jogoo, jogoo akapaa juu ya paa akilalamika.

Babu alitwanga mpini wa jembe chini. "Nimeona. Hiki ni kichekesho." Akaonyesha mistari. "Sikieni wote. Ndani ya mistari hakuna shangazi, wala hakuna mtoto wa kaka. Kuna watu wawili wanafanya kazi. Mtu akitoka nje ya mistari, ukoo unaendelea pale ulipoishia."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha viazi. "Mimi sikubali hivihivi," alisema. "Kabla ya kuingia, Oliva amwamkie. Akitoka, amwamkie tena, na amwombe radhi kwa yote aliyomfokea humo ndani. Sikuzaa mtoto wa kufokewa na watoto wa kaka zake."

"Na kwa magoti," aliongeza Yusta haraka.

"Na kwa magoti," Bibi akakubali.

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile desturi ambayo wengi wenu mmeiona kwenye video na kuniuliza kama ni sala. Kila mechi, kabla ya kuvuka mstari, nilipiga magoti na kusema, "Shikamoo, shangazi." Anajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya kujidai ambayo siwezi kuiandika. Tunavuka. Ndani namwambia "Toka! Yangu! Rudi!" na yeye ananijibu vivyo hivyo. Mechi ikiisha tunatoka, napiga tena magoti, naomba radhi. Mwamuzi mmoja Kampala aliponiona nimeenda chini kando ya mstari alimwita daktari. Yusta alimzuia daktari kwa mkono na kumwambia asubiri, mgonjwa hajamaliza kuamkia.

Mipira ya katikati ikaacha kupita. Tulichaguliwa kwenye timu, tukaanza kusafiri, tukaingia kwenye mashindano ya kulipwa. Jambo moja tu lilibaki kunishinda. "Toka" niliizoea, "yangu" niliizoea, lakini kumwita kwa jina lake tupu, bila shangazi mbele, ulimi wangu haukufika huko. Nilimwita "wewe". Kwenye uwanja wenye makelele, watu wote ni "wewe", na mara kadhaa aliyegeuka alikuwa mwamuzi.

Miaka ya mwanzo ya kulipwa ilikuwa migumu. Tulikuwa tunatolewa mzunguko wa kwanza, tunapanda basi, tunakwenda kutolewa mji mwingine. Wapinzani walikuwa warefu, na walikuwa wamegundua dawa yetu mpya: waliupitisha mpira juu ya kichwa cha Yusta. Yeye anakimbia kinyumenyume, anachelewa, pointi imekwenda. Kocha wa timu, mtu mwenye akili na asiye na maneno mengi, alituita kabla ya safari ya Nairobi.

"Oliva, wewe nitakupa mwenzako mrefu," alisema. "Yusta hafai kwa kimo. Nimewavumilia vya kutosha."

Yusta aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyake, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya kocha. Niliomba tupewe nafasi moja zaidi. Alifikiri, akasema sawa: Nairobi. Tukibeba kikombe cha Nairobi, hatatugusa tena. Tusipobeba, Yusta anarudi nyumbani.

Kwenye basi nilimuuliza angefanya nini akirudi. "Nitalima viazi," alisema. "Viazi havijali mtu ni mfupi." Kisha akageukia dirishani, na nikamwona anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Wadogo zangu, niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu ya kazi. Kushindwa nilikuwa nimekuzoea, kushindwa kunaisha ukioga. Nilichokiogopa ni kusimama upande wangu wa kushoto, nikatazama kulia, nikamwona mtu mwingine pale.

Nairobi iko juu kama kwetu, na siku za mwanzo wenzetu waliotoka nchi za chini walikuwa wanapiga nje ovyo, wanatazama raketi zao kana kwamba zimelogwa. Sisi tulizuia mkono, kama tulivyofundishwa, tukapita mzunguko baada ya mzunguko. Tukafika fainali. Upande wa pili walisimama wasichana wawili wa Kimisri, warefu kama nguzo za umeme, ambao walikuwa wameshazoea ile hewa na hawakuwa na haraka yoyote.

Seti ya kwanza walituchezea kama walivyotaka. Mpira juu ya Yusta, mpira juu ya Yusta. Alikuwa anakimbilia nyuma mpaka nikasikia pumzi yake. Mara mbili alifungua na kukosea zote mbili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kocha alikuwa jukwaani amekunja mikono. Nilimwona anaangalia saa.

Tulipokaa benchi nilikuwa na wazo. Kwetu watu wakiitana kulimiana shamba, tunaita mgowe. Mnajipanga mstari, kila mtu na kipande chake, mnakwenda mbele pamoja. Mama mwenye mtoto mgongoni anapochelewa, jirani yake hasubiri kuombwa. Anakata kumwelekea, anamlimia ile sehemu ya nyuma iliyobaki, anarudi kwenye kipande chake, na mstari unaendelea kunyooka. Nilifanya hivyo tangu utotoni bila kufikiri. Pale benchi ndipo nilipofikiri: kwa nini nalinda kipande changu wakati nyuma ya Yusta kuna shamba zima halijalimwa? Yeye abaki mbele tu, asirudi hata hatua. Huko nyuma, kushoto na kulia, nitalima mimi.

Lakini benchi liko nje ya mistari. Pale nilikuwa chini ya sheria za Bibi.

"Shangazi," nilisema, "naomba nikushauri jambo."

"Sema."

"Naona labda usirudi nyuma."

"Unasema siwezi kurudi nyuma?"

"Hapana, shangazi, nasema..."

"Na wewe umeanza? Kocha amenikataa, na wewe mtoto wa kaka yangu unanikataa?" Macho yake yalikuwa yameiva. Mwamuzi alituita. Tulisimama, tukatembea, nikasubiri mpaka mguu wake ukavuka mstari na wangu ukavuka.

"Yusta!" nilipiga kelele. "Yusta, baki wavuni! Ya juu yote ni yangu! Ukirudi nyuma nitakugonga kwa raketi!"

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha nikaona tabasamu likipanda kutoka pembe moja ya mdomo. "Sawa," alisema. Akasogea mbele mpaka pua yake ikakaribia wavu.

Sijawahi kukimbia vile. Mpira ukipaa, mimi nilikuwa nimeshaanza kukata nyuma yake, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto. "Yusta, bado! Yusta, sasa! Yusta, yako!" Nililitumia jina lile kana kwamba nalipwa kwa kila mara. Naye, alipojua kwamba nyuma yake kuna mtu, alikuwa kiumbe kingine. Alichomoa mipira hewani ambayo Wamisri walikuwa wameshaihesabu kuwa yao. Mmoja wao alianza kumkwepa Yusta, akawa anapiga pembeni, anapiga nje. Seti ya pili ilikuwa yetu, na Wakenya waliokuja kutazama mechi nyingine walihamia jukwaa letu.

Katika mashindano yale seti ya tatu haichezwi nzima, kunakuwa na mchuano mfupi wa kufikia pointi kumi. Tulikwenda nao sambamba. Tulipofika pointi ya ubingwa, mmoja wa wale warefu aliupandisha mpira juu kabisa, mpira mzuri, unaoshuka nyuma kulia, mbali kabisa na mimi. Nilianza kukimbia na nikaona kwamba njia ya pigo langu inapita palepale Yusta aliposimama.

"Yusta, chini!"

Alichutama. Hakugeuka, hakuuliza, alichutama na raketi kichwani kama mtu aliyenyeshewa. Nilipita nyuma yake, nikaruka, nikaupiga mpira ule juu ya kichwa chake kwa kila kitu nilichopewa na Mungu. Uligonga mstari wa mbali na kupanda mpaka jukwaani.

Yusta alikuwa bado amechutama. "Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia!"

Alipiga kelele ambayo nadhani ilisikika Makambako. Tulikumbatiana, tukaanguka, Wamisri wakaja kutupa mikono tukiwa bado chini. Tulipotoka nje ya mistari nilipiga magoti. "Shikamoo, shangazi. Naomba radhi. Nimekuita jina."

"Marahaba," alisema, machozi yanamtiririka na anacheka. "Umeniita mara nyingi sana. Utakwenda kwa magoti mpaka Kifanya."

Kocha alishuka jukwaani. Alitupa mkono, kwanza Yusta, kisha mimi, akasema, "Siwagusi tena." Na hakutugusa.

Basi letu lilipoingia Makambako, Mwalimu Sanga alikuwa amesimama katikati ya barabara na filimbi yake, amesimamisha malori ya pande zote mbili, ya Mbeya na ya Songea, na madereva walikuwa wanapiga honi bila kujua wanamshangilia nani. Wanafunzi walituimbia. Akina mama wa sokoni walitupokonya mabegi. Babu alikuwa ameletwa kutoka Kifanya na koti lake. Alikitazama kikombe, akakirudisha, akamuuliza binti yake, "Uliombwa radhi?"

"Niliombwa, Baba. Bado naombwa."

Baada ya hapo miaka ilikwenda vizuri, na miaka mizuri haina mengi ya kusimulia. Tulishinda Lusaka kwenye mvua, Kigali, Tunis, na tuliposhindwa tulishindwa na watu waliotuzidi kweli. Kila walipojaribu kuupitisha mpira juu ya Yusta walinikuta huko nyuma. Makocha wa nchi nyingine walikuja kuniuliza mbinu ile inaitwaje. Niliwaambia mgowe, wakaandika, sijui waliandikaje.

Msimu wetu wa mwisho bega la kulia la Yusta liliharibika. Daktari alisema anaweza kucheza shindano moja zaidi kama ni lazima, na yeye akasema ni lazima. Tulikwenda Dar es Salaam. Alikuwa anafungua kwa taabu, lakini wavuni mkono wake bado ulikuwa na ile haraka yake, na mimi nililima pande zote kama siku ya Nairobi, magoti yakinilalamikia kila jioni. Tulibeba kikombe. Yeye hakuweza kukiinua kwa mkono ule, kwa hiyo alishika sikio moja na mimi jingine, na jukwaa lote likasimama. Nililia mbele za watu na sijutii.

Tukiwa tunafungasha mabegi, kocha alikuja. Ni yuleyule wa zamani, nywele zimekuwa nyeupe.

"Oliva, wewe bado una misimu miwili mitatu ndani yako," alisema. "Nimempata binti wa Arusha, mrefu, anafungua kwa nguvu za ajabu. Jumatatu nitawajaribu pamoja."

Yusta alikuwa amekaa na barafu begani. "Nenda, mwanangu," aliniambia. "Mimi nakuruhusu. Usiniangalie mimi."

Alimaanisha. Nilimjua vya kutosha kusikia alivyojilazimisha. Nilimgeukia kocha.

"Kocha," nilisema, "ulipotaka kututenganisha nilikuomba shindano moja. Umetupa yote haya. Sasa sikuombi tena. Kazi yangu ilikuwa kucheza na shangazi yangu, na tumeimaliza leo, tukiwa mabingwa. Huyo binti mtafutie mwenzake."

Alitaka kubishana, akatutazama sote wawili, akaacha. Niliichukua raketi ya Yusta, kwa kuwa bega lake halikuweza tena kuibeba, nikaiingiza kwenye begi langu kando ya yangu, nikafunga zipu.